Shukrani kwa kaka wa Msamvu

Kaka uliyenikuta Msamvu, Morogoro, nimeinamia tairi la mbele kulia, asante sana. Jina sikukuuliza, na hata hela ya soda uliikataa.

Gari lilikuwa linagonga ko-ko-ko kwenye barabara mbovu, na gereji moja ilishanipigia hesabu ya shokapu zote mbili za mbele. Wewe ukauliza swali moja tu: kwenye tuta, tairi zote mbili zikipanda pamoja, linagonga? Nikasema hapo linanyamaza, kelele huja tairi moja likiingia shimoni. Ukacheka. Ukaniambia nikate usukani, ukapenyeza mkono nyuma ya tairi na kuitikisa linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachounganisha upande wa tairi na chuma kinachozuia gari kulala upande, chuma ambacho hufanya kazi tairi moja likipanda au kushuka peke yake. Ikacheza kama jino bovu, mpira wake umechanika, grisi imekwisha. Shokapu zenyewe kavu kabisa, hazivuji hata tone. Nikakimbilia duka la spea, nikarudi na linki mbili, maana ulisema kulia na kushoto hubadilishwa pamoja. Ulivyoishikilia ile boliti kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ili nati isizunguke bure, nilijua huyu ni fundi haswa.

Mungu akuzidishie, kaka. Spana yako namba 14 imebaki kwenye buti langu. Jumamosi asubuhi nitakuwa hapo hapo stendi, njoo uichukue.