Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Waongozaji wa Wageni Wanachama, Msitu wa Arabuko-Sokoke, Pwani ya Kenya

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: njia zilifyekwa, ndege walihesabiwa, wanafunzi walipokelewa Gede, na kikao na maafisa wa misitu kilifanyika baada ya mimi binafsi kukifuatilia kwa miezi kadhaa.

Lililozua manung'uniko ni azimio la kukataza kuwapigia ndege sauti zilizorekodiwa kwenye simu ili wajitokeze mbele ya wageni, hususan bundi mdogo wa Sokoke. Wapo wanaodai kwamba mwenyekiti amewanyang'anya riziki. Bundi huyu, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, makao yake makuu duniani ni msitu wetu, na wengine wachache wako Usambara Mashariki nchini Tanzania. Hujificha mchana katika vichaka vya udongo mwekundu, upande wa magharibi. Akisikia mlio wa mwenzake hudhani eneo lake limevamiwa, naye huacha kuwinda ili ajibu. Sasa kila kundi la wageni likimsumbua hivyo usiku baada ya usiku, atalisha makinda saa ngapi? Mwongozaji anayeujua msitu humpata amelala tawini bila simu yoyote, na baadhi yenu mnakumbuka ni nani aliyewaonyesha matawi hayo.

Inasemwa pia kwamba azimio lilipitishwa na watu wachache. Walikuwa wachache, lakini akidi ya theluthi moja ilitimia: kati ya wanachama 46 walihudhuria 17, na tangazo lilikuwa limebandikwa wiki mbili kabla. Miongoni mwa wanaolalamika leo, siku ile sikumwona hata mmoja.

Kuhusu ada ya shilingi 1,000, waliolipa ni 19. Tunadai shilingi 27,000, ilhali darubini mbili za chama, ambazo wasiolipa ndio wa kwanza kuziazima, zinasubiri fundi. Sielewi mtu anayepata wageni msimu mzima hushindwaje.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuwafundisha vijana kumtambua ndege aitwaye kwera wa Clarke kwenye misitu ya mrihi, na kumpata mfadhili wa darubini; mazungumzo yanaendelea. Hoja ya kutengua azimio itapokelewa katika mkutano mkuu, kwa maandishi, kutoka kwa mwanachama yeyote aliyekwisha kulipa ada yake.

Mwenyekiti