Anza na besi: barua kuhusu kwaya za pande mbili

Mpendwa Mwalimu Rehema,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniuliza uigaweje kwaya yako pande mbili kwenye Masifu ya Jioni, kama walivyoimba Italia karne ya 16. Anza na besi, yaani sauti ya nne, ya chini kabisa. Wengi huanza kwa kupanga nani asimame wapi, kisha pande zikikutana mwishoni sauti zinagombana.

Waitalia waliuita mtindo huo cori spezzati, kwaya zilizogawanywa. Husemwa ulizaliwa katika kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, kwa sababu ya roshani zake za vinanda. Mimi sikubali: Ruffino d'Assisi alikuwa ameshatunga zaburi za kwaya mbili kule Padua. Mzizi wake ni ule unaoujua, kupokezana mistari ya zaburi upande kwa upande.

Aliyeupa sifa ni Adrian Willaert, Mflemi (mtu wa Flandria, Ubelgiji ya leo) aliyeongoza muziki wa Mtakatifu Marko tangu 1527 hadi alipofariki 1562. Mwaka 1550 zilichapwa zaburi zake 8 za kwaya mbili, sauti nne kila upande. Pande zinapokezana mstari kwa mstari, na sauti zote nane husikika pamoja hasa kwenye Atukuzwe Baba, ule mstari wa kufungia zaburi.

Hapo ndipo penye mtego. Mwanafunzi wake Zarlino aliueleza mwaka 1558: kila kwaya ijitosheleze, ikisikika peke yake isipwaye. Besi mbili ziimbe noti ileile au oktava yake (do ya chini na do ya juu), mara mojamoja zipishane kwa tatu (kama do na mi), lakini kwa tano (kama do na so) kamwe. Chukua kodi (noti zinazolia pamoja) ya do-mi-so. Besi wa upande A wakishika do na wa upande B wakashika so ya juu yake, kwenye karatasi hakuna kosa. Lakini muumini aliyekaa karibu na B anasikia so ndiyo msingi, na do ikining'inia noti ya nne juu yake. Kodi haitulii. Wape besi wote do. So waachie sauti za juu.

Kuhusu umbali: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo pande zikiachana mita 20 mwenzako unamsikia amechelewa sekunde 0.06. Kwenye noti ndefu si kitu, kwenye noti za haraka maneno yanavurugika. Wafuate mkono wako, wasifuate sikio. Mapokezano nayo yasiache pengo: upande wa pili uingie juu ya kodi ileile anayomalizia wa kwanza. Hilo linasaidia pia tuni, maana upande ulioshuka unajulikana papo hapo.

Ukitaka vyombo, mtazame Giovanni Gabrieli, mtunzi na mpiga kinanda wa Mtakatifu Marko. Katika Sonata pian e forte ya 1597 upande mmoja una koneto (baragumu ya mbao yenye matundu ya vidole) na tromboni 3, wa pili una violino ya sauti ya chini na tromboni 3. Ameandika "kwa sauti ndogo" upande mmoja ukipiga, na "kwa nguvu" zikiungana. Kwenu kinanda kimoja kila upande kinatosha, vyote vikiwa tuni moja.

Ukimaliza kuandika Atukuzwe Baba, nitumie kwanza sauti ya nne ya pande zote mbili. Nyingine zitasubiri.

Wako,
Deo