Asante, dada wa kompyuta ya jirani
Dada yangu, jina lako silijui, ila shukrani zangu zikufikie popote ulipo. Nilipokuuliza namna ya kuhifadhi kazi yangu kwa kibodi, ungeweza kunitajia Ctrl+S kisha ukaendelea na kazi zako. Badala yake ulifungua menyu ya Faili, ukanionyesha kwamba amri nyingi zimeandikiwa njia yake ya mkato (vitufe vya kubonyeza badala ya kipanya) palepale, upande wa kulia. Tangu hapo programu mpya hainitishi: Ctrl+Z kutengua, Ctrl+F kutafuta, Ctrl+P kuchapisha, karibu kote ni zilezile. (Kwenye Mac, Command hushika nafasi ya Ctrl.) Na ile Alt ya Windows inayofungua menyu bila kugusa kipanya! Kifundo cha mkono kilichokuwa kikiniuma kimepata nafuu. Mungu akuzidishie subira uliyonayo.