Mwanangu, tanki kwanza, sofa zisubiri

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na picha za nyumba tumezitazama mimi na baba yako mpaka simu ikaisha chaji. Hongera sana, baba. Kutoka kwenye vyumba vya kupanga na kuingia kwako mwenyewe huko Chanika si jambo dogo. Msalimie mkwe wangu na wajukuu.

Umeniuliza kama mkanunue sofa Keko mwezi huu au mwezi ujao. Mimi nasema zisubiri. Fedha iliyobaki iende kwanza kwenye vitu ambavyo mgeni akija hata havioni.

Anza na milango. Wakati wa ujenzi funguo zako zimepita kwa mafundi, vibarua na walinzi wa saiti, na huwezi kujua nani alichonga wa kwake. Badilisha vitasa vya mlango wa mbele na wa jikoni wiki hii hii. Kama vitasa vyenyewe ni vizima, muulize fundi kama anaweza kubadilisha silinda peke yake, ile sehemu ufunguo unapoingia, utaokoa fedha.

Halafu maji, na hapa naomba unisikilize sana. Nunua tanki la lita 2,000 kama mfuko unaruhusu, la rangi nzito isiyopitisha mwanga, maana mwanga ukiingia maji yanaota ukijani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki hilo likijaa ni tani 2 zilizokaa juu ya vichwa vya watoto wanaocheza uani. Fundi asikudanganye kwamba mbao zinatosha. Mnara uwe wa nguzo za zege zenye nondo, na juu pasakafiwe pawe tambarare kabisa, kwani tanki la plastiki lisipokalia sawasawa huanza kupasuka chini. Tena mnara usiwe mfupi. Maji ya tanki yanasukumwa na kimo chake tu, na mnara ukilingana na bomba la bafuni mtaoga matone.

Mara moja kwa mwezi, kabla ya kulala, soma mita ya maji, msitumie maji usiku huo, asubuhi isome tena. Namba zikisogea, kuna mahali panavuja. Choo ndicho mwizi mkubwa: tia rangi kidogo ya chakula kwenye tanki lake, subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umechoka, na mpira huo ni wa bei ndogo tu. Kila mtu wa nyumba hiyo, dada wa kazi naye, aonyeshwe koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme.

Kuhusu umeme, mwite fundi mwenye leseni apime waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, kabla hamjazoea nyumba. Friji iwekee kinga yake, kwa sababu umeme ukikatika huwa unarudi na nguvu isiyotulia. Ukinunua umeme wa LUKU ukakuta fedha imepungua, usigombane na wakala: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humo. Ila kodi ya pango la ardhi ni nyingine, hiyo unailipa mwenyewe kila mwaka. Usiichanganye.

Mtungi wa gesi ukae nje, penye hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kujikusanya. Mkisikia harufu usiku, msiwashe taa, fungueni milango kwanza. Mpira wa gesi upake povu la sabuni. Penye vipovu panavuja.

Baba yako anasema usisahau ngazi, testa, spana, bisibisi za aina zote mbili na tochi. Anasema pia mwembe usipandwe karibu na shimo la choo wala msingi.

Tafadhali usiweke pevingi wala kurudia rangi ya nje kabla masika ya kwanza hayajapita. Mvua ikinyesha sana, chukua mwavuli uzunguke nyumba, uone maji ya bati yanaangukia wapi na yanaelekea wapi. Yakituama ukutani, fedha ya pevingi itengenezee gata na mfereji.

Hati na mkataba wa kiwanja toa nakala, moja tuletee sisi huku Tanga. Na ukajitambulishe serikali ya mtaa, uchukue namba ya mjumbe.

Niandikie fundi wa mnara anataka kiasi gani, kabla hujampa malipo ya kwanza.

Mama yako