Usituunganishe na Watu Wasio Wetu

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Baba yako mdogo ameniambia umeshakata tiketi ya Salt Lake City, unakwenda kwenye maktaba ya FamilySearch, wale wanaotunza kumbukumbu za nasaba. Katika watoto wa ukoo huu ni wewe pekee unayehangaikia nasaba yetu, na ninajivunia. Lakini kuna jambo linaninyima usingizi: usije ukatuunganisha na watu wasio wetu.

Kuingia pale ni bure, ila Jumapili wanafunga. Kabla hujasafiri, jisajili, kisha tafuta kwenye katalogi yao kwa jina la mahali, si la mtu. Andika Muheza, andika Tanga, andika Tanganyika na hata Afrika Mashariki ya Wajerumani. Jina la leo pekee halitoshi. Ukiona alama ya kamera yenye ufunguo, picha za nyaraka hizo mara nyingi hazifunguki ukiwa nyumbani, ndizo za kufungulia pale pale. Nakili namba za filamu zake mapema.

Vyeti vya kuzaliwa vya wazee usivitegemee. Enzi za mkoloni Mwafrika hakulazimishwa kuandikisha vizazi kama Mzungu.

Sasa sikiliza. Programu yao ya mti wa ukoo itakuletea Hamisi Juma na kukuuliza kama ndiye babu wa baba yako. Kina Hamisi Juma wa pwani hii nani awahesabu? Usikubali mpaka jina la baba na la babu yake, kijiji, na jina la mke vyote vikubaliane. Kimoja kikigoma, acha. Mti ule ni wa watu wote: ukiweka kosa, wenzako watalinakili, na kulifuta ni kazi. Nasaba ndiyo inayosema nani anarithi na nani haolewi na nani. Shamba la michungwa bado halijagawanywa, na sitaki mtu tusiyemjua abishe hodi na karatasi uliyoitengeneza wewe.

Wala usimkatae mtu kwa herufi tu. Karani wa Kijerumani aliweza kumwandika Chamis bin Djuma, naye akawa wetu. Upande wa bibi yako wa Magila ni mgumu zaidi: waliobatizwa na UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, walipewa majina mapya, na kama jina la nyumbani halikuandikwa, mtu huyo hupotea. Nyaraka za misheni ile ziko Oxford, katika Maktaba ya Bodleian. Za serikali ya Kijerumani ziko Dar es Salaam na Berlin. Kwa hiyo ukitoka Salt Lake City mikono mitupu, usijaze pengo kwa kubahatisha. Pengo liache wazi.

Ukikuta tarehe ya Hijria, usiigeuze kichwani. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, karibu wote ukaangukia 1883. Andika tarehe kama ulivyoikuta, kisha weka ya pili pembeni. Na kila picha utakayopiga iwe ya ukurasa mzima, pamoja na jalada na namba ya filamu. Mstari mmoja uliokatwa hauna shahidi.

Idi iliyopita bibi alikuwa kibarazani siku zote nawe uko na simu yako. Hukumuuliza hata jina la mama mkwe wake, wala hakuna aliyekuhimiza. Majina ya wanawake hayamo kwenye madaftari mengi, yamo kichwani mwake, na ndiyo yatakayokuonyesha Hamisi yupi ni wetu. Usiende kabla hujazungumza naye.

Huku mvua imeezua bati mbili za jikoni, fundi anadai apewe nusu kwanza. Mdogo wako anahitaji sare na viatu kabla shule hazijafunguliwa. Ukiweza, tuma chochote. Sukari ya bibi imeshuka, alhamdulillahi, ila uji mtupu anaukataa.

Piga simu Alhamisi baada ya Isha ya huku, kwenu itakuwa asubuhi. Bibi nitakuwa nimeshamwambia. Uwe na kalamu, na akikutajia jina, mwombe akwambie na kijiji.

Mama yako