Barua ya wazi kwa Waziri wa Haki: sheria ya waathirika wa vita iko wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, hapa Uganda. Majirani zangu wengi walifika hapa wakikimbia vita vya kaskazini kati ya serikali na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), wakajenga, wakazika wazee wao hapa hapa.

Juni 2019 Baraza la Mawaziri lilipitisha Sera ya Taifa ya Haki ya Mpito, yaani mpango wa kuwatendea haki na kuwafidia walioumizwa na vita. Tulipiga makofi. Tangu hapo tunangoja sheria ya kuipa nguvu, na kila tukiuliza tunaambiwa muswada unaandaliwa.

Mahakama zimejitahidi, japo kwa mwendo wa kobe. Thomas Kwoyelo, kamanda wa LRA, alikamatwa 2009, akafungwa miaka 40 mwezi Oktoba 2024. Kwa kuwa hana kitu, mahakama ikaiagiza serikali iwalipe waathirika wake. Mwaka huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague iliagiza fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathirika wa Dominic Ongwen, kamanda mwingine wa LRA.

Sasa tazama nani anapata na nani anakosa. Anayepata ni yule ambaye mbaya wake alikamatwa. Kesi ya Ongwen iligusa mashambulizi ya kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Mama aliyefiwa LRA waliposhambulia kambi ya Barlonyo, Februari 2004, hana mshtakiwa. Okot Odhiambo, kamanda wa LRA anayetajwa kuongoza mauaji yale, alikufa bila kufikishwa kortini. Je, mama huyo amdai marehemu?

Na Barlonyo kwenyewe, mnara wa kumbukumbu wa serikali umeandikwa watu 121. Wenyeji wanasema waliouawa ni zaidi ya 300. Hata hesabu ya maiti hatujaelewana, halafu tunaambiwa tusahau.

Tafadhali usitujibu kwamba mato oput, mila ya Waacholi ya kupatanisha koo baada ya mauaji, inatosha. Naiheshimu sana. Lakini ili watu wanywe pamoja ile mizizi michungu, lazima muuaji ajulikane, akiri, na ukoo wake utoe fidia. Aliyechomewa nyumba usiku na watu asiowajua atakunywa na nani?

Jambo jingine viongozi hawapendi kulisikia. Mukura, Teso, Julai 1989, wanajeshi wa NRA, jeshi la serikali wakati huo, waliwafungia raia ndani ya behewa la treni. Watu 69 wakafa kwa kukosa hewa. Sheria itakayowataja waasi tu na kuwaruka askari, bora ibaki hukohuko kwenye kabati.

Waasi waliorudi kwa Sheria ya Msamaha ya 2000 walipewa godoro, jembe na pesa kidogo za kuanzia maisha. Siwaonei wivu, wengi walitekwa wakiwa watoto. Ila wengi wa raia waliobaki kambini hawakupewa hata jembe.

Tunaomba mambo mawili: tarehe ya muswada kusomwa bungeni, na fungu la fidia katika bajeti ijayo, bila kungoja kamanda mwingine akamatwe. Wazee wanaodai wanapungua kila mwaka.

Wako,
Mkazi wa Bweyale