Maendeleo House nayo ni turathi

Mhariri,

Nyumba ya Karen Blixen, mwandishi na mlowezi kutoka Denmark, imekuwa jumba la makumbusho tangu 1986, na watalii hulipa kuingia. Sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni kwa nini Maendeleo House, pale Barabara ya Monrovia jijini Nairobi, hutajwa tu mtu anapoelekezwa njia.

Ghorofa hilo ni matunda ya enzi za Jane Kiano, aliyeongoza chama cha wanawake cha Maendeleo ya Wanawake kuanzia 1971 hadi 1984. Kabla yake, 1958, Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho, kilichoanzishwa 1952 na kusimamiwa na wanawake wa Kizungu.

Lakini nguvu ilikuwa vijijini. Marehemu mama yangu alikuwa mweka hazina wa kikundi huku Nyeri, na daftari lake ninalo: safu ya majina, safu ya shilingi, na kwa asiyejua kuandika, alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau. Pesa hizo zilinunua mabati. Akina mama waliezeka nyumba ya mmoja, wakahamia ya mwingine, na aliyekwisha kupata zamu yake aliendelea kuchanga mpaka wa mwisho aondokane na paa la nyasi. Anayejua bei ya mabati siku hizi ataelewa walichojinyima.

Si yote ya kujivunia, bila shaka. Wakati wa Hali ya Hatari mkoloni alivitumia vilabu vya chama hiki kuwavuta wanawake wasiwasaidie Mau Mau; na 1987 chama kikaunganishwa na KANU, chama tawala cha wakati huo. Wapo wanaosema hayo yafunikwe. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuyaeleza, tena palepale, maana jengo likisimulia mazuri matupu litakuwa bango la kampeni.

Ombi langu kwa wahusika ni chumba kimoja tu cha chini, chenye picha, viondo na sauti za akina mama hao, zirekodiwe sasa wakiwa hai. Pia jengo lifikiriwe kutangazwa turathi chini ya sheria ya makumbusho ya 2006. Turathi si lazima iwe imejengwa na mlowezi.

Daftari la mama niko tayari kulitoa, mradi lisiende kufungiwa kabatini.

Msomaji wako,
Nyeri